Uzoefu wangu: kuhamisha tangi la samaki la lita 300 kutoka Sinza hadi Kigamboni, kwa kirikuu, vijana wawili na pampu mbili za betri

Nianze na alama, maana najua wengine mnasoma hapo tu mnaondoka. Kirikuu ya kukodi pamoja na vijana wake wawili: 3 kati ya 5. Pampu za hewa za kuchaji: 4 kati ya 5. Ndoo za lita 20 zenye mifuniko: 5 kati ya 5, na ndizo zilizokuwa rahisi kuliko vyote.

Mzigo wenyewe ulikuwa tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, kioo cha milimita 10, lina samaki 18 aina ya Tropheus wa Ikola, wa sentimita 9 hadi 11, na Synodontis petricola wanne, jamii ya wale tunaowaita gogogo. Samaki wote hao asili yao ni Ziwa Tanganyika. Nalitaja ziwa kwa sababu linabadilisha hesabu nzima: maji yao ni magumu na pH yake (kipimo cha asidi: ikipanda, asidi imepungua) iko juu, na kwa maji ya namna hiyo amonia, taka inayotoka kwa samaki wenyewe, haina huruma. Kwenye pH 7 amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8.5, kwa joto letu la Dar, inafika asilimia 15 hadi 18. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho samaki wa maji laini atakivumilia, huyu kinamchoma mashavu.

Uzito kwanza, maana ndipo huduma ya usafiri iliponipa taabu. Kioo cha milimita 10 kina kilo 25 kwa mita moja ya mraba. Tangi la vipimo hivyo lina mita za mraba 2.3 za kioo, kwa hiyo ni kama kilo 58 likiwa tupu kabisa, na ukiongeza vile vipande vya kuzuia kioo kutanuka juu inakaribia 60. Mchanga wa kina cha sentimita 4 ni kilo 38 hivi. Mawe, kilo 40. Maji ya zamani niliyoamua kwenda nayo, lita 120. Ndoo nne za samaki, kilo 52. Ndoo ya vitu vya filta, yaani chujio la maji, kilo 15. Jumla inakuja kilo 325, na kirikuu zile ndogo za Kijapani zimetengenezwa kubeba kilo 350. Ukiwapandisha na vijana wawili nyuma umeshazidisha, na gari lililozidiwa halina springi za kupokea tuta: kila tuta linakwenda moja kwa moja kwenye kioo. Stendi na madumu ya maji mapya yalitangulia jana yake. Vijana walikuja na bodaboda. Dereva alisema kilo 500 huwa anabeba kila siku. Anabeba saruji, saruji haina gundi ya silikoni kwenye kona.

Sasa kwa nini alama 3. Gari lilikuwa safi, bei ilibaki ile tuliyopatana, na dereva aliendesha polepole tangu Barabara ya Mandela mpaka tunavuka Daraja la Nyerere bila kukumbushwa. Lakini kubeba kioo hawajui, na hilo ulijue kabla hujawaita. Jambo la kwanza walilofanya ni kushika vile vipande vya juu. "Braza, hapa ndipo penye mkono," mmoja akaniambia. Vipande hivyo vimewekwa kuzuia kioo cha mbele na cha nyuma visitanuke kwa msukumo wa maji. Havikuwekwa kunyanyulia kilo 60. Tangi hushikwa chini, kwenye kona, na watu wanne wa kimo kinachokaribiana. Wakiwa wawili, pitisha mikanda miwili chini ya tangi. La pili, walitaka kuacha mchanga ndani ili kuokoa muda. Kilo 38 juu ya kioo cha chini ambacho sasa hakijalala popote zinakipinda, na gundi haivuji siku hiyo. Inavuja wiki ya tatu, usiku.

Nyuma ya gari weka kwanza ubao wa plaiwudi wa milimita 18, mkubwa kuliko tangi kwa sentimita kadhaa kila upande, kisha kipande cha godoro la sponji, kisha tangi likiwa limekaa kama linavyokaa nyumbani. Ufagie ubao, kisha upitishe kiganja. Chembe moja ya changarawe chini ya kioo inatosha. Gari linaruka, unasikia "tiki", na ufa unakuwa umeshaanza. Kamba zipite juu ya maboksi yaliyokunjwa, zikazwe kiasi cha kuzuia tangi lisitembee, basi.

Tuje kwenye filta, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopoteza samaki halafu wanalaumu safari. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti, hawaishi majini kwa wingi wa maana. Wameshika kwenye sponji, kwenye vipete vya kauri, kwenye mawe na mchanga. Wanahitaji oksijeni kama samaki wenyewe. Filta ya mtungi ikizimwa na kubaki imefungwa imejaa maji, wanaimaliza hewa iliyomo, kisha wanaanza kufa. Ifungue mtungi uliokaa hivyo nusu siku kwenye joto la Dar: unakupokea kwa harufu ya yai viza, maji yana rangi ya chai nyeusi, na sponji imekuwa na utelezi. Ukiiwasha filta hiyo kwenye tangi jipya, unamwagia samaki sumu ndani ya dakika moja.

Kwa hiyo mtungi unafunguliwa palepale unapozimwa. Toa sponji na vipete, viweke kwenye ndoo yenye maji ya tangi yanayovifunika tu, na uweke jiwe la hewa (kile kijiwe chenye vitundu kinachotoa mapovu ya pampu) chini yake. Sponji ikiwa imeziba, ikamue mara mbili tatu kwenye maji ya tangi. Usiipitishe bombani, klorini inaua hao unaowahamisha. Mtungi na mipira vioshe utakavyo, ila si kwa sabuni. Mawe yafunike kwa gunia lililoloweshwa maji ya tangi, maana yana bakteria na yana mwani ambao Tropheus wanautegemea kuparuza siku za mwanzo. Mchanga ni kinyume chake: ule wa chini umekaa na uchafu mwaka mzima bila hewa, kwa hiyo uoshe kwa maji mengi mpaka yatoke meupe. Utapoteza bakteria kidogo. Bora hao.

Samaki, niseme kweli, ndio sehemu nyepesi. Usiwape chakula siku mbili kabla. Tropheus mzima hafi njaa kwa siku nne, na tumbo tupu linachafua ndoo kidogo sana. Zima hita, subiri dakika 20 ipoe ndipo ushushe maji. Hita ya moto ikikutana na hewa kioo chake kinapasuka. Toa mawe yote kwanza. Vuta maji kwa mpira na kujaza ndoo zako mpaka yabaki sentimita 15, kisha ndipo uwavue, kwa nyavu mbili, moja imesimama na nyingine inasukuma. Anayefukuza samaki kwenye tangi lililojaa mawe anawachosha kabla safari haijaanza, na majike wanaotamia mayai mdomoni wanayatema. Gogogo usimvue kwa wavu kabisa. Miiba ya mapezi yake inajifunga wima akishtuka, na inanasa kwenye nyuzi. Mkinge kwa bakuli la plastiki.

Niliweka Tropheus sita kwa kila ndoo yenye lita 12 za maji, ndoo tatu, na gogogo wanne ndoo yao peke yao. Wakibanana hivyo hawapigani, kwa sababu hakuna mwenye eneo la kulinda. Ukimweka mbabe na wanyonge wawili tu, utafungua mfuniko ukute mmoja hana mkia. Mifuniko itobolewe tundu la mpira wa hewa na tundu jingine dogo la kutoa pumzi. Ndoo ziwe mpya. Za rangi ya ukuta, hata ukizisugua wiki nzima, sizishauri.

Kuna wanaosisitiza mifuko iliyofungwa kama ile ya wauza samaki. Kwa safari ya ndani ya jiji sioni faida yake. Ndani ya mfuko uliofungwa kaboni dayoksaidi inajikusanya na kushusha pH, hivyo amonia inayotoka kwa samaki inabaki katika hali isiyo na sumu kali. Ukifungua mfuko gesi inatoka, pH inapanda, na sehemu ya amonia iliyokusanyika inageuka sumu huku wewe unadondosha maji mapya taratibu kwa saa nzima ukidhani unawazoesha. Ndoo iliyo wazi yenye hewa inayobubujika haina mtego huo. Mfuko ni wa safari za saa nyingi, na ukifika pima joto, fungua, toa samaki haraka.

Pampu. Nilinunua mbili, za betri ya lithiamu, kila moja ina matundu mawili ya hewa na inachajiwa kwa waya wa simu. Nilikuwa na matundu manne kwa ndoo tano: ndoo tatu za Tropheus, ndoo ya filta, na gogogo waligawiwa kwa kiungo cha T. Kiungo hicho ni udhaifu, kwa sababu hewa hukimbilia kwenye maji mafupi. Usawazishe kwa kikoki kidogo, au uhakikishe maji ya ndoo zote mbili yana kina kimoja. Boksi linadai saa 24. Kwa kasi ya juu, jiwe likiwa sentimita 20 chini ya maji, moja ilikwenda saa 9 na nyingine saa 8 na nusu. Zinatosha sana kwa kazi hii, ila mwenye kutegemea kukatika kwa umeme kwa siku nzima asikubali maandishi ya boksi. Mlio wake ni mdogo kuliko zile za betri kubwa za tochi, ambazo hunguruma kama mashine ya kusaga.

Nilichowakata alama ni vali ya kuzuia maji kurudi, haimo kwenye boksi. Pampu ikiwa chini ya usawa wa maji, na kwenye gari itakuwa chini tu, siku ikizima maji yanafuata mpira na kuingia ndani yake. Vali yenyewe ni kitu cha bei ndogo dukani. Inunue, na uipulize kwa mdomo kujua upande kabla hujaifunga.

Upande wa maji, Kigamboni ina jambo lake: visima vingi vina chumvi. Kwa kalamu ya kupimia chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, tangi langu lilisoma 380 na kisima cha nyumba mpya 1,450. Ugumu wa maji ambao Tropheus anaupenda si hiyo chumvi ya bahari, usivichanganye. Ndiyo maana nilibeba lita 120 za zamani: si kwa ajili ya bakteria, ni kwa ajili ya kemia. Nyingine 120 zilikuwa maji ya bomba la Sinza kwenye madumu sita, yaliyotiwa sodiamu thaiosalfeti gramu 1 kwa lita 100, ambayo inamaliza klorini papo hapo. Ambaye maji ya kwake mapya yanasoma karibu sawa na ya zamani asijichoshe kubeba mengi hivyo.

Kule unakofika stendi inakwenda mahali kwanza, na pimamaji juu yake, urefu na upana. Pakiwa na mwinamo, vipande vya kusawazisha viingie chini ya stendi, kamwe si kati ya stendi na tangi. Likijaa, na mawe yakiwemo, ni karibu kilo 400, kwa hiyo ghorofani liweke kando ya ukuta na si katikati ya chumba. Weka sponji nyembamba, tangi, kisha maji theluthi moja. Tandaza karatasi za chooni kwenye kona za chini na usubiri nusu saa. Karatasi inaonyesha tone ambalo jicho halilioni. Halafu mchanga, mawe, maji yaliyobaki, filta, na samaki mwisho. Mawe yapange tofauti na yalivyokuwa. Ukiyarudisha vilevile, mbabe anarudi kwenye pango lake na vita vinaendelea palipoishia.

Taa nilizizima mpaka kesho yake. Chakula, siku ya pili jioni, nusu ya kawaida, na cha mwani tu: utumbo wa Tropheus ni mrefu, na akila protini nyingi akiwa na msongo anavimba tumbo. Amonia na naitraiti nilipima kila siku kwa matone. Siku ya tatu amonia ilisoma miligramu 0.25 kwa lita, nikabadilisha asilimia 30 ya maji. Siku ya tano ilikuwa sifuri na ikabaki hapo. Samaki 22 waliondoka, 22 wamefika, na jike mmoja ametema mayai ingawa alivuliwa taratibu. Kirikuu ileile nitaikodi tena, ila nitakuja na mikanda yangu na watu wawili wa ziada wa kushika kona.