Programu ya zamani imegoma kufunguka: ununue nini, uache nini

Ukitaka kufungua programu ya mwaka 2001 kwenye kompyuta ya leo, usianze kwa kuuliza bei. Jua kwanza kinachoizuia. Programu na mifumo hutengenezwa kwa biti 16, 32 au 64, yaani ukubwa wa data ambayo prosesa (chipu kuu ya kompyuta) huishughulikia kwa mkupuo mmoja. Windows ya biti 64 haifungui programu za biti 16, na Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32. Kuna mtego hapa: programu nyingi za miaka ya 1990 zenyewe ni za biti 32, ila kisakinishi chake, yaani programu ndogo ya kuiweka kwenye kompyuta, ni cha biti 16, kwa hiyo unakwama mlangoni. Apple nao waliacha programu za biti 32 kwenye mfumo wa Mac uitwao macOS Catalina mwaka 2019, na mwaka uliofuata wakaanza kuziacha prosesa za Intel na kutumia chipu zao wenyewe.

Kama programu yako ni ya DOS, mfumo uliotumika kabla ya Windows, funga pochi. DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, hivyo usiitarajie ikuchapishie ankara. Anayehitaji kuchapisha atafute DOSBox-X, ambayo nayo ni ya bure.

Nafasi ya 1: mashine pepe

Mashine pepe ni kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta yako. Ninayoiweka ya kwanza haiuzwi tena. VMware Workstation Pro ya Windows na Linux, pamoja na ndugu yake Fusion ya Mac, ni za bure kwa kila mtu tangu Novemba 2024, hata kwa matumizi ya biashara. Utalazimika kufungua akaunti kwa Broadcom, kampuni inayoimiliki VMware, ili uipakue, jambo linalochosha, na ukikwama hakuna wa kumpigia simu. Faida yake, kwenye kompyuta yenye prosesa ya aina ya Intel, ni kwamba Windows ya zamani inakaa nzima ndani ya dirisha lake, na unaweza kuhifadhi hali ya mashine yote kabla ya kujaribu jambo, kisha ukairudisha kama ilivyokuwa mambo yakiharibika.

VirtualBox ya Oracle ni mbadala mzuri. Ofisi ziwe macho kidogo: programu yenyewe ni huria (yeyote anaruhusiwa kuitumia bure), lakini kifurushi chake cha nyongeza kina leseni tofauti, na kwa matumizi ya biashara hulipiwa.

Gharama halisi imejificha kwenye leseni ya Windows itakayokaa humo ndani. Ile iliyokuja na kompyuta yako kwa kawaida imefungwa kwenye kompyuta hiyohiyo, haihamishiki. Na ukiweka Windows XP, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014, izimie mtandao kwenye mipangilio ya mashine pepe. Faili zipitishe kwa folda ya pamoja.

Nafasi ya 2: CrossOver, baada ya kujaribu Wine

Kwa mtumiaji wa Linux au Mac mwenye programu moja au mbili tu za Windows, hii ingeweza kuwa ya kwanza. Wine, iliyoanza mwaka 1993, haiweki Windows kabisa: inapokea maombi ya programu na kuyajibu kwa kutumia mfumo uliopo. Kwa hiyo huhitaji leseni ya Windows. Cha kufurahisha ni kwamba kwenye Linux, Wine hufungua hata programu za biti 16 ambazo Windows ya leo inazikataa.

Wine ni ya bure. CrossOver ni Wine iliyofungashwa vizuri na kampuni ya CodeWeavers, ambayo pia inachangia sana kuiendeleza Wine yenyewe. Unalipia urahisi na msaada, na kuna siku 14 za majaribio, zitumie zote. Usijaribu kufungua dirisha la kwanza tu ukaridhika. Chapisha, hifadhi, fungua faili yako kubwa kuliko zote. Programu inayodai draiva yake maalumu (programu ndogo inayounganisha mfumo na kifaa), au ufunguo wa USB wa kuzuia wizi wa programu, mara nyingi itakuangusha.

Wenye Mac za chipu ya Apple wazingatie jambo moja zaidi: CrossOver huko hutegemea Rosetta, kitafsiri cha Apple kinachowezesha programu za Intel kufanya kazi kwenye chipu hizo, na Apple wametangaza kuwa baada ya macOS 27 wataipunguza ibaki hasa kwa ajili ya michezo ya zamani. Ningelipia mwaka mmoja, si leseni ya maisha.

Nafasi ya 3: Parallels Desktop

Ni ya Mac pekee, ni nyepesi kusakinisha, na ni ghali kwa sababu wengi huishia kuilipia kila mwaka. Kwenye chipu ya Apple inaweka Windows 11 ya Arm (aina ya prosesa ambayo chipu za Apple ni mojawapo), ambayo hufungua programu nyingi za Intel za biti 32 na 64. Za biti 16 haifungui, na draiva za zamani za Intel haizitambui. Kwa hiyo kwa programu ya kisasa ya Windows, sawa. Kwa programu kongwe ya biti 16 au inayodai draiva yake, pesa zako zitaenda bure. Hapo UTM, programu nyingine ya mashine pepe kwenye Mac, inafaa zaidi: inaiga prosesa nzima ya Intel, polepole kweli, lakini XP haikuwahi kuhitaji kasi kubwa. Kwenye tovuti yake ni ya bure. Ile ya App Store inalipiwa, nayo ni programu ileile. Ukiinunua unawachangia watengenezaji tu.

Nafasi ya mwisho: kompyuta kuukuu

Inunue pale tu programu inapoendesha kifaa chenye plagi ya zamani, kama mashine ya kukata au ya maabara inayotumia kadi ya ndani au poti ya mfululizo. Muuzaji aiwashe mbele yako, na ukague poti unayoihitaji. Diski yake huenda ina umri wa kompyuta yenyewe, kwa hiyo inakili yote siku unayoileta, kabla hujasakinisha chochote.