Geji ya Upepo wa Tairi: ya Mshale au ya Dijitali?

Geji ya mshale kwa kawaida huwa na bomba dogo la shaba lililopindwa, ambalo upepo wa tairi ukiingia hutaka kujinyoosha na hivyo kuusogeza mshale. Ni ubunifu ambao Mfaransa Eugène Bourdon aliusajili mwaka 1849, na hadi leo hauhitaji betri. Udhaifu wake ni kuanguka: ikigonga sakafu vibaya huweza kusoma pungufu au zaidi bila mwenye gari kutambua, isipokuwa mshale ukikataa kurudi kwenye sifuri.

Ya dijitali huonyesha tarakimu kubwa, nyingi zikiwa na taa ya kusomea gizani, tena hugawa psi moja (kizio cha kupimia shinikizo la upepo) katika sehemu ndogo. Hata hivyo, tarakimu nyingi si ushahidi wa usahihi, na hapa ndipo naona wengi hudanganyika. Betri ikiisha njiani, haisaidii kitu.

Ya mshale huwa nafuu zaidi. Dereva wa lori aendaye mbali na maduka atafaidika nayo, mradi ifike psi 150, kwa kuwa matairi yake hujazwa karibu psi 100. Anayekagua gari dogo nyumbani alfajiri, matairi yakiwa bado baridi, atastareheka na ya dijitali.