Forodhani baada ya magharibi: kipi cha kula na kipi cha kuacha

Mgeni anayeshuka Unguja huelekezwa Forodhani, bustani ya Mji Mkongwe kunakouzwa chakula usiku, tangu usiku wake wa kwanza, na akirudi kwao ama huisifu mno ama hudai kwamba ni pahala pa kukamulia wageni. Mimi nimekula pale mara nyingi, na naona kila mmoja ana haki yake, kwa sababu katika bustani ile kuna majiko ya namna mbili: la chakula kinachopikwa ukiwa umesimama mbele yake, na la chakula kilichokwisha kupikwa, kinachongoja mnunuzi.

Nianze na urojo, maana mwenye nafasi ya kula kitu kimoja tu ningemshauri ale huo. Muuzaji hutia bakulini viazi vya kuchemsha, bajia, kachori aliyoivunja kwa kijiko na mishkaki iliyochomolewa vijitini, kisha humiminia mchuzi mzito wa manjano, wenye ukali wa ndimu na embe mbichi, na kumalizia kwa chatini ya nazi, pilipili na chipsi za muhogo juu kabisa. Tazama sufuria kabla ya kuagiza. Mchuzi ukiwa umefanya utando juu, nenda meza nyingine. Ukiwa unafuka moshi, kaa hapo hapo, na ule upesi kabla chipsi hazijalainika.

Pizza ya Zanzibar nayo inastahili sifa, ingawa na ile ya Italia imeshirikiana jina tu. Donge la unga hutandazwa kwa viganja hadi likaribie kupitisha mwanga, likawekwa kima, kitunguu, pilipili hoho na yai, likakunjwa pande nne kama bahasha na kukaangwa kwenye chuma bapa. Omba mafuta yapunguzwe. Juisi ya miwa, inayokamuliwa pamoja na ndimu na kipande cha tangawizi, ndiyo kinywaji cha kushushia.

Kwa vitu vya baharini vilivyotungwa vijitini na kupangwa mezani, sikubaliani na wanaosifu kila kitu. Niliwahi kununua kamba kochi kwa fedha ambazo zingelisha nyumba nzima chakula cha mchana, nikakuta nyama imekauka na ganda linanuka mkaa wa zaidi ya usiku mmoja, na aliyeniuzia akaniambia kwamba ndivyo alivyo. Sivyo alivyo. Tangu siku ile nauliza kwanza.

“Kaka, huyu pweza ni wa leo?”

“Wa leo, dada, ametoka mwambani asubuhi.”

Jibu hilo nalipima kwa kalenda ya mwezi, kwani pweza wengi huokotwa kwa miguu miambani wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo, maji yanapokupwa mbali. Siku hizo humnunua bila wasiwasi. Siku nyingine humtazama miguu: iliyojikunja na kung’aa hunishawishi, iliyokauka nchani naiacha. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka na wavuvi wengi kushindwa kutoka, mimi hubaki na urojo wangu.

Bei haibandikwi kila meza, na nimesikia mgeni akitajiwa dola kwa kitu nilichouziwa kwa shilingi. Kwa hiyo uliza bei ya kila kijiti kabla hakijarudishwa motoni, na usikubali sahani ijazwe kwanza ndipo hesabu ifuate. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa wapishi hodari wa pale, na ni wengi, huharibiwa jina na wachache wanaofanya hivyo.

Bustani yenyewe, tangu ukarabati uliokamilika mwaka 2009, ni nadhifu na inapendeza kukaa. Fika kama saa kumi na mbili jioni, wakati meza zinapangwa na vijana bado wanajirusha baharini kutoka ukutani, huku nyuma yako ikiwapo Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Jua likizama mikaa huwa imeshika, na bakuli la kwanza la urojo ndilo linalotoka likiwa la moto kuliko yote ya usiku huo.