Niliuziwa RAM ya seva, halafu nikaambiwa mashine yangu ndo mbovu

Watu wa Mwanza mnaoenda mjini kutafuta RAM (kumbukumbu ya kompyuta) za mashine za zamani, someni stika kabla hamjatoa hela. Naandika hapa na hasira bado ninayo.

Nina stesheneri Nyegezi, wateja wangu wengi ni wanachuo, na mashine inayonilisha ni HP Compaq 6200 Pro ya Core i3 ya kizazi cha pili, ya kitambo ila ngumu kweli. Shida yake ilikuwa RAM tu, GB 4. Mtu akikuletea risechi imejaa picha na majedwali, huku Chrome iko wazi mwingine anajaza fomu ya mkopo, inahema kama anayepanda Bugando na ndoo kichwani. Mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, ina sloti nne za RAM na mbili zilikuwa tupu, Windows yangu ni ya biti 64 maana ile ya biti 32 hata ujaze RAM vipi haivuki GB 4, kwa hiyo ilikuwa ni kuongeza GB 4 mbili tu, basi, kazi iendelee.

Nikaenda duka moja mjini, jina naliacha. Nikamtajia jamaa aina ya mashine, nikamwambia RAM yake ni ya kizazi cha DDR3, nikamwonyesha na picha ya RAM ya zamani kwenye simu. Picha hata hakuiangalia. Akavuta trei, humo DDR2, DDR3, DDR4 zote zimerundikwa pamoja, akachomoa mbili, "hizi hapa mama, orijino za Dubai, zinaingia hizo."

Na kweli ziliingia, ndo ubaya wenyewe. Angenipa DDR4 ningejua palepale, ina meno 288 na ule mwanya kati ya meno umekaa kwingine. DDR2 nayo ina meno 240 sawa na DDR3 lakini mwanya unagoma. Sasa RAM ya DDR3 ya seva, zile mashine zinazohudumia kompyuta nyingi kwa pamoja, inaingia vizuri kabisa, meno 240, mwanya palepale, vibano vinafunga "tak", unajua umemaliza. Nawasha hivi, taa nyekundu inawaka na kuzima, milio mitano, kimya, milio mitano tena, kioo cheusi. Nikizitoa inawaka kama kawaida.

Nikaifunga mashine kwenye kanga, nikapanda nayo bodaboda mpaka dukani, na jua lile. Jamaa akachukua raba ya penseli akasugua meno ya RAM, akapuliza, akarudisha, milio ileile. Akasugua tena. Halafu ananiambia kwa sauti na wateja wamejaa pale, "Mama, bodi yako imeshakufa hii, mzoga huu, chukua nyingine nikufanyie bei." Nikamuuliza mbona na zile za zamani inawaka? "Si kazi yako kuchapa mama? Haya mambo tuachie sisi." Na risiti akanionyesha kwa kidole, bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Yaani mtu mzima, nimetoa hela yangu, naambiwa nikachape!

Usiku nikaziweka zote mezani, za zamani na mpya, nikamulika stika na tochi ya simu. Ya zamani imeandikwa PC3-10600U. Mpya, PC3-10600R. Hiyo herufi ya mwisho ndo kila kitu. U ni ya mashine za kawaida, R ni ya seva, ina kichipu cha ziada katikati kinachopokea amri kwanza ndo kinazipeleka kwa vichipu vya kumbukumbu, na kompyuta ya kawaida kama yangu haikutengenezwa kuongea nacho. Na wala huhitaji stika, hesabu vichipu tu: kwenye zile alizonipa upande mmoja viko tisa, kwenye zangu nane, maana za seva zina cha kukagua makosa. Mtu anashinda anauza RAM kutwa nzima halafu hilo halioni?

Nikarudi nazo dukani pamoja na mashine. Jamaa akaniambia hizo herufi ni za kampuni tu hazina maana. Kuna kijana msaidizi wake pale, mpole, akachungulia akasema taratibu, "kaka, hizi za seva kweli." Kimya. Kijana mwenyewe ndo akachambua ile trei akapata mbili za PC3-12800U, akanielewesha kwamba hizo ni za kasi ya 1600 ila zitashuka zenyewe hadi 1333 kwa sababu prosesa yangu mwisho wake ni hapo, akazipanga kwa jozi na zile za zamani, ikawaka mara ya kwanza. GB 12.

Sasa ukweli niuseme, RAM ni nzuri, mashine imekuwa nyepesi, na bei yao iko chini kuliko maduka mengine niliyoulizia. Nilitaka kuandika kwamba nendeni tu ila muulizieni yule kijana, yule nampa nyota tano zote. Lakini kila nikikumbuka nilivyotoka pale damu inachemka, kwa sababu kabla sijafunga kanga yangu jamaa alinikata elfu kumi eti ya kupima. Kupima nini? Kitu alichokosea yeye? Na pole hakunipa, samahani hakusema. Hapana, msiende, bei rahisi ya nini kama unadhalilishwa mbele za watu.

Na zile R nimemwona kwa macho yangu akizirudisha kwenye trei ileile, juu kabisa, zinamsubiri mwingine. Kaka, kama unasoma hapa zitoe hizo leo, ziweke pembeni uandike "seva". Na elfu kumi yangu naifuata Jumatatu asubuhi.