Fundi wa Kanzu Asiye na Kibao Mlangoni

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, yuko fundi wa kanzu ambaye mlangoni pake hapana kibao na simuni mwake hamna picha hata moja ya kazi zake. Aliposikia nataka kumwandika aliniomba jambo moja tu, kwamba jina lake na mtaa wake visitajwe, nami nikaridhia. Msomaji ana haki ya kuuliza tathmini ya fundi asiyetajwa ina faida gani. Jibu langu ni kwamba kazi yake yafaa kuwa kipimo cha kumpimia fundi mwingine yeyote, na anayemtaka hasa atampata kama nilivyompata mimi, yaani kwa kumuuliza, baada ya sala ya Ijumaa, mtu ambaye kanzu yake imemkaa vizuri.

Kanzu aliyonishonea niliigeuza ndani nje kabla ya kuivaa, kwa sababu upande wa ndani ndiko uvivu wa fundi unakojificha. Badani zote mbili, yaani kipande cha mbele na cha nyuma, zimekatwa wima, na taharizi, vile vipande vya ubavuni, zinapanuka kuelekea chini ili mvaaji apige hatua bila kubanwa magotini. Chini ya kila mkono ametia kikwapa, kile kipande kidogo ambacho mafundi wengi wa siku hizi wamekiacha kwa kuwa kinakula muda na hakionekani. Ubaya wa kukiacha haujulikani mpaka mtu anyanyue mikono kwa takbira: kanzu nzima hupanda juu, na haupiti muda mrefu kabla mshono wa kwapani haujaanza kufumuka. Sijafu za mikono, yaani mikunjo ya ncha zake, zina upana mmoja pande zote, na darizi ya shingoni, iliyofanywa kwa mkono kwa uzi wa hariri mweupe, haina vifundo upande wa ndani, hata kidole hupita juu yake bila kukwama. Kitambaa chenyewe, ambacho ni pamba, alikiloweka na kukianika kabla ya kukikata, kwa kuwa pamba hurudi inapofuliwa, kisha akapiga bandi, ule mshono wa muda, na kuniita nijaribu ndipo akatia cherehani.

Mpwa wake aliwahi kumfungulia ukurasa wa Instagram. Wateja walikuja kweli, lakini pamoja nao yakaja maswali ya bei usiku wa manane, maombi ya picha za kila hatua, na watu waliotaka kanzu kesho kutwa. Aliagiza ukurasa ufungwe. Nilipomuuliza sababu alinijibu bila kuinua macho: “Mwanangu, nikishika simu, sindano ataishika nani?” Huo si unyenyekevu wa kupindukia, maana anajua vizuri thamani ya mkono wake na hakuchelewa kunionyesha kasoro za kanzu niliyokuwa nimevaa. Kinachompendeza ni kudarizi. Kujinadi kunamchosha, na kwa umri wake ameamua kutofanya linalomchosha.

Mimi siamini kwamba kujitangaza ni aibu. Kijana anayeanza, asiye na wateja wala cherehani ya kwake, akikaa kungoja sifa zimtangulie atalala na njaa, na methali ya kizuri chajiuza husemwa zaidi na wale ambao tayari wana foleni mlangoni. Hata fundi huyu hajiuzi; anauzwa na wateja wake, na makala haya, apende asipende, ni sehemu ya mnada huo. Ila uamuzi wake una faida moja kubwa kwa mteja, nayo ni kwamba hupokea kazi anazoweza kuzimaliza yeye na mwanafunzi wake mmoja. Ikifika nusu ya Shaabani hapokei tena kitambaa cha Idi, hata cha jamaa yake. Mwaka mmoja nilimpelekea kitambaa fundi mwingine, mwenye wafuasi wengi mtandaoni na picha za kupendeza, akanizungusha kwa “njoo kesho” mpaka usiku wa kuamkia Idi, na kanzu niliyoipata pindo lake lilikuwa limebanwa kwa pini.

Kasoro za huyu wa Mji Mkongwe zipo. Simu hapokei saa za kazi, bei haitaji mpaka akishike kitambaa mkononi, na bei yenyewe inazidi kwa mbali ile ya kanzu za tayari kutoka Dubai na China zinazotundikwa Darajani. Darizi za mashine hazifanyi, na mteja anayemwonyesha mtindo kwenye picha huambiwa kwa upole aende kwa aliyeushona. Mwenye haraka, au mwenye kutaka kanzu ya kuvaa mara moja harusini, hana sababu ya kumwendea. Za Darajani zitamtosha.

Nusu ya malipo hutolewa wakati wa kukabidhi kitambaa na nusu wakati wa kuchukua kanzu. Risiti hatoi, bali huandika vipimo na fedha alizopokea katika daftari, mbele ya mteja. Anayekusudia kanzu ya Idi afike kwake mwezi wa Rajabu.