Uzoefu wangu: kairopraktiki na mazoezi ya nyumbani kwa maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni

Nilikwenda kwa tabibu wa kairopraktiki, yaani tiba ya mgongo na viungo inayofanywa kwa mikono, baada ya kuteseka kwa miezi kadhaa na maumivu yaliyoanzia kiunoni upande wa kushoto, yakashuka kwenye tako na nyuma ya paja, yakapita kwenye kigimbi na kuishia ukingo wa nje wa wayo. Mgongo wenyewe haukunisumbua sana. Mguu ndio uliowaka moto, hasa nilipokaa kitini kwa muda mrefu, nilipoinama au nilipopiga chafya. Huduma hiyo ilinifaa, na naipendekeza, ingawa faida iliyodumu ilitokana zaidi na yale niliyofundishwa kuyafanya mwenyewe nyumbani.

Kilichonipa imani tangu mwanzo ni uchunguzi. Kabla hajanigusa mgongo, tabibu aliniuliza kama nimepata ganzi sehemu za siri au kwenye mapaja kwa ndani, kama nashindwa kuzuia au kutoa mkojo na haja kubwa, na kama miguu yote miwili inaishiwa nguvu, kwa sababu dalili hizo zinaweza kumaanisha kwamba fungu la neva lililo chini ya uti wa mgongo linabanwa, na mgonjwa wa namna hiyo hupelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Aliniuliza pia kuhusu saratani, homa, kupungua uzito bila sababu na udhaifu wa mifupa. Kisha nililala chali akauinua mguu wangu ukiwa umenyooka, akagonga kano ya kisigino kwa nyundo ndogo, akaniambia nisimame kwa vidole na baadaye kwa visigino. Kano ya kushoto iliitikia kwa unyonge, na hapo akanieleza kwamba neva inayotoka chini kabisa ya kiuno, kwenye mpaka wa pingili ya mwisho na mfupa wa sakramu ulio kati ya nyonga, ndiyo inayoelekea kuwa imesumbuliwa, pengine na diski (mto laini ulio kati ya pingili) iliyotokeza. Hakuniagizia eksirei wala MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) kwa haraka, na sababu yake niliikubali: diski zilizotokeza huonekana hata kwa watu wengi wasio na maumivu yoyote, na nyingi hupungua zenyewe kadiri muda unavyopita.

Tiba ya mikono nitaieleza kwa ufupi. Nililazwa ubavu, nikakunjwa goti la juu, na tabibu akasukuma sehemu ya chini ya mgongo kwa mkupuo mmoja wa haraka. Mlio unaosikika si mfupa kurudi mahali pake, bali ni gesi inayojitokeza ndani ya ute wa kiungo. Baada ya ziara za mwanzo nilihisi mgongo umechoka kama mtu aliyelima, uchovu ulioisha upesi, na mguu ukaanza kunipa nafuu ya saa kadhaa, kisha ya siku nzima. Kwa mtu mwenye mifupa dhaifu au anayeogopa msukumo huo zipo njia za taratibu zaidi, na ni haki ya mgonjwa kuziomba.

Mazoezi ndiyo yanayostahili maelezo marefu. La kwanza lilikuwa kulala kifudifudi na kuinua kifua kwa mikono huku nyonga zikibaki chini. Nilifundishwa kufuatilia mahali maumivu yanapohamia: yakiondoka kwenye wayo na kigimbi na kupanda kuelekea kiunoni, hiyo ni dalili njema hata kama kiuno kinauma zaidi kwa muda, yakishuka chini zaidi, zoezi linasimamishwa. Kanuni hii moja ilinisaidia kuliko maelezo mengine yote, kwa kuwa iliniwezesha kujiamulia bila kungoja miadi. Niliongezewa kupiga magoti na viganja chini kisha kunyoosha mkono mmoja pamoja na mguu wa upande wa pili, kuinua nyonga nikiwa chali, na zoezi la kuitelezesha neva nikiwa nimekaa, ambapo goti hunyooshwa huku kichwa kikiinuliwa, kisha vyote vikarudishwa pamoja, pasipo kulazimisha. Kutembea niliambiwa nisiache kabisa, na kitandani niamke kwa kugeukia ubavu kwanza.

Niliyoyapitia yanakaribiana na matokeo ya utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2014 katika jarida la Annals of Internal Medicine. Watu 192 wenye maumivu ya mguu yatokanayo na mgongo waligawanywa: baadhi wakapata mazoezi ya nyumbani na ushauri, wengine wakaongezewa tiba ya mikono. Baada ya wiki 12 waliopata vyote viwili walikuwa na nafuu kubwa zaidi ya mguu, lakini baada ya wiki 52 tofauti hiyo ya maumivu ilikuwa imefifia, ingawa bado walitumia dawa chache kuliko wenzao na waliridhika zaidi.

Ndiyo maana sikuafiki pendekezo la kuendelea na ziara za kila mwezi wakati mguu ulikuwa umetulia. Nililikataa kwa heshima, tabibu akakubali, nami nikabaki na mazoezi yangu. Maumivu ya wayo yameondoka. Ganzi kidogo imebaki kwenye kidole cha mwisho, na nimeelezwa kwamba hisia za neva huchelewa kurudi. Anayetaka kuanza na amuulize tabibu, kabla ya kulipia ziara nyingi kwa mpigo, ni mazoezi gani atafundishwa, nafuu itapimwa kwa kipimo gani, na tiba itasimamishwa lini endapo hakuna mabadiliko.