Majeneza na magari ya msiba Moshi: uliza barabara kabla ya vanishi

Kupata jeneza Moshi mjini si kazi. Yako barazani karibu na hospitali, yamepigwa vanishi hadi yanang'aa, na muuzaji anakuonyesha satini ya ndani kabla hujauliza bei. Kazi ni kujua nani atamfikisha marehemu kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Wachagga wengi huzika nyumbani, na nyumbani ni Kibosho, Uru, Machame, Marangu au Rombo: lami kwanza, halafu kilomita mbili tatu za udongo unaopanda mlima. Huduma nyingi za mjini ni nzuri mpaka lami inapoishia, na hapo ndipo zinapopaswa kupimwa.

Wanaotoa huduma ni wa aina tatu: fundi seremala mwenye karakana yake, duka la majeneza lenye gari lake moja, na kampuni inayobeba kila kitu kuanzia kuvalisha mwili hadi mashine ya kushushia jeneza kaburini, maturubai na spika.

Kwa thamani ya pesa, fundi anaongoza, ilimradi umpe siku nzima. Atakutengenezea jeneza la mninga, mkangazi, paini, saiprasi au mgrivea, na utaliona likiwa bado halijapakwa rangi. Mpe urefu wa mwili, aongeze inchi 2 au 3, na upana wa mabegani mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Vipimo vichukuliwe mochwari karibu na siku ya kutoa mwili. Kipimo cha kukadiria kwa kumbukumbu ("alikuwa mrefu kama mimi hivi") ndicho kinacholeta aibu ya mabega kukwama watu wakiwa wamesimama mlangoni.

Madukani, angalizo kubwa ni mbao. Majeneza mengi yanayoitwa "mninga" ni MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) iliyobandikwa karatasi yenye sura ya mninga. Inua kifuniko uangalie ukingo wake wa chini. Mbao halisi ina mistari inayoendelea kutoka usoni hadi ukingoni. MDF kwa ndani ni kama biskuti, haina mstari wowote. Si dhambi kuinunua, maana ni nafuu na hakuna atakayeichimbua kuikagua, lakini ikilowa hufura na skrubu hulegea. Kwa msiba wa masika, Machi hadi Mei, iache. Pia pindua jeneza uone sakafu. Iwe na angalau mbao tatu za kukingama chini yake, kwa sababu sakafu iliyopigiliwa pembeni tu hufunguka gari likirukaruka. Vishikio vya plastiki vyenye rangi ya dhahabu ni pambo, havibebi mzigo. Jeneza la paini tupu lina kilo kama 35, la mninga hukaribia 60. Ongeza mwili, kisha uone kama ungeamini plastiki iliyoshikwa na skrubu mbili. Vishikio vya chuma vyenye bolti na nati kwa ndani vinaaminika. Vingine vyote, wabebaji waweke mikono chini ya jeneza.

Jeneza lenye kioo usoni lina tatizo lake. Mwili ukitoka kwenye jokofu ukaingizwa moja kwa moja, kioo hupata ukungu na waombolezaji hawaoni kitu. Wahudumu wazoefu huutoa mwili mapema, huukausha, na huacha kifuniko wazi kwa muda kabla ya kufunga. Muulize muuza huduma atafanyaje hapo. Akikuangalia tu, umeshapata jibu.

Sasa gari, ambalo ndilo linalotofautisha huduma. Uliza maswali manne. Linavuta magurudumu yote manne? Gari refu la chini, hata liwe jipya na mapazia meupe, litakwaruza tumbo kwenye kona ya kwanza ya kuelekea kihambani. Jeneza linafungwa kwa mkanda, au linakaa tu juu ya reli? Mlimani, jeneza lisilofungwa huteleza kurudi nyuma na kugonga mlango. Bei ni ya safari au ya kilomita, na kusubiri kanisani kunahesabiwa vipi? La nne ndilo linalosahaulika: siku hiyo gari lina msiba mwingine? Jumamosi magari hupangwa misiba miwili, na ibada ikichelewa dereva anaanza kuangalia saa badala ya kuangalia barabara. Desemba ni mbaya zaidi, watu wote wakiwa wamepanda nyumbani. Kwa duka lenye gari moja, swali hili lina uzito kuliko bei.

Kampuni kubwa zinashinda kwenye mashine ya kushushia, zikija na mtu anayeijua. Fremu yake hukaa juu ya kingo za kaburi, na kihamba mara nyingi kiko kwenye mteremko. Upande mmoja ukididimia kwenye udongo uliolowa, jeneza linashuka kichwa kwanza. Dawa yake ni mbao mbili nene chini ya fremu, kila upande moja, na kamba tatu imara pembeni endapo breki itakwama. Anayekuja bila kamba hajawahi kukwama, au hajakaa kazini.

Kampuni hizo hazichimbi kaburi, na hapo ukoo na kampuni hukosa kuelewana. Wape wachimbaji vipimo vya nje vya jeneza, vishikio vikiwemo. Futi 7 na nusu kwa 3 hutosha majeneza ya hapa. Linalotoka Marekani ni jambo lingine: la kawaida lina inchi kama 84 kwa 28 kwa nje, na kaburi likishajengewa tofali pande zote, hizo futi 3 hazipo tena. Mifuniko ya zege imwagwe mapema, vipande vinne vya sentimeta 60 kwa 120, unene 7, vyenye nondo. Kila kimoja ni kilo kama 120, watu wanne wanakibeba. Zege la jana halijakomaa.

Kuhusu karatasi, hakuna huduma inayokuokoa. Hospitali hutoa tangazo la kifo. Hilo unalipeleka RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, upate cheti cha kifo, na lipelekwe ndani ya siku 30. Benki na mirathi vitakidai. Kifo cha ajali au chenye mashaka hupitia polisi kwanza, kwa hiyo usilipie gari kabla mwili haujaruhusiwa. Misiba ya Waislamu haina haja ya sehemu kubwa ya haya: sanda, jeneza la msikiti, na mazishi siku hiyo hiyo ikiwezekana.

Ukishaamua, andikianeni. Risiti iwe na namba ya usajili wa gari litakalokuja, saa ya kufika mochwari, jina la kijiji na si "Kibosho" tu, na nani analipia trekta gari likizama. Chukua na simu ya dereva mwenyewe. Mwenye duka atakuwa mjini.